Mfalme Aliyekiri Kosa Lake Mwambani



Wanafunzi wa Klabu ya Historia, mmeniomba nizungumzie uongozi, nami nimemchagua Ashoka wa ukoo wa Maurya, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia takriban mwaka 268 hadi 232 kabla ya Kristo, makao yake yakiwa Pataliputra, ambao leo ndio mji wa Patna.

Miaka minane baada ya kutawazwa, aliiteka Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki. Watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, na wengine wengi zaidi wakapoteza maisha. Hesabu hiyo hatukuipata kwa adui zake. Aliitoa yeye mwenyewe, mshindi, akaamuru ichongwe mwambani pamoja na majuto yake.

Majuto hayo aliyafuatishia kazi. Aliagiza visima vichimbwe na miti ipandwe kando ya njia, na mimea ya dawa ipelekwe kusikokuwa nayo, itibu watu na wanyama. Waliohukumiwa kifo aliwapa siku tatu ili ndugu zao wapate kuwaombea. Shida za raia alitaka aletewe saa yoyote, hata akiwa anakula. Jikoni kwake, walikokuwa wakichinjwa wanyama maelfu kwa maelfu kila siku, walibaki watatu tu: tausi wawili na paa mmoja, tena paa si kila siku. Ingawa alifuata dini ya Buddha, alionya kwamba anayeikashifu dini ya mwenzake huidhuru ya kwake.

Wanafunzi wangu, historia tuisome yote. Kalinga hakuiachia. Na katika miamba ya Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe, andiko lile la majuto halikuwekwa. Walioumizwa hawakusomewa.

Hapo ndipo ninapowaomba mumpite Ashoka. Kesho mtakuwa viongozi, na mtakosea. Siku hiyo msingoje kuumbuliwa. Nendeni kwa mliowaumiza, mkiri mbele yao, kisha mtengeneze mlichoharibu.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonyesho ya Klabu ya Historia yamefunguliwa rasmi.