Baada ya Mtuhumiwa Kukabidhiwa: Jambo Ambalo Polisi na Walinzi Shirikishi Hawajalizungumza



Mada niliyopewa kwenye semina hii ni uhusiano wa Jeshi la Polisi na vikundi vya ulinzi shirikishi. Ni pana mno kwa muda nilionao, kwa hiyo nitashika jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua vikundi vingi kuliko uhaba wa michango. Mlinzi akishamkabidhi mtuhumiwa kituoni, habari za yule mtu kwake huishia kaunta. Baada ya siku mbili anamkuta kijiweni anakunywa kahawa, na anayechekwa ni mlinzi.

Ulinzi wa aina hii haukuletwa na semina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi, hasa upande wa Kahama, walichoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha uliozidi baada ya Vita vya Kagera. Wakaunda Sungusungu, wakashika pinde na mishale. Wizi ulipungua, lakini walikuwa wakikamata na kuhukumu wao wenyewe, na wapo waliopoteza maisha mikononi mwao. Vyombo vya dola vikawafungulia mashtaka baadhi yao huku viongozi wa chama tawala, CCM, wakiwatetea. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili Sungusungu wapate uwezo wa kukamata. Muda si mrefu, Augustino Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, doria za Sungusungu zikaingia mitaa ya Dar es Salaam. Zikafifia. Mwaka 2006 Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), Said Mwema, akaja na Polisi Jamii, tukaanza upya kwa jina la ulinzi shirikishi. Mahali pengi nako kukapoa, mpaka Septemba 2022 vijana wa kundi la Panya Road walipovamia nyumba za watu Dar es Salaam na kuua, ndipo mitaa ikakumbuka kwamba ina kamati za ulinzi. Kukitokea balaa tunakusanyana, mwaka ukipita kila mtu yuko kwake.

Kuona kwa nini vikundi vinapoa, tuchukue usiku wa kawaida. Saa tisa, vijana wanne wanamsimamisha mtu kwenye uchochoro, ana mtungi wa gesi begani na hana maelezo. Wanampeleka kituoni. Askari wa zamu anauliza, mlalamikaji nani? Mlalamikaji amelala, hajui hata kama jikoni kwake hakuna mtungi. Anauliza tena, nani alimwona akitoka nyumba gani? Vijana wanaangaliana. Mtungi wenyewe wameupokezana njiani, na sasa uko kwa mjumbe. Saa haikuandikwa popote. Wanaambiwa warudi asubuhi na mwenye mali. Asubuhi wawili wako kwenye bodaboda, mmoja amelala, na wa nne anafika kukuta zamu imebadilika na aliyepo hana habari.

Katika usiku kama huo hakuna aliyekula rushwa, ila mtaani itasemwa polisi wamehongwa. Sisemi rushwa haipo. Ipo, na sote humu tunaijua. Lakini kesi nyingi zinazotuuma zinakufa kifo cha kawaida kabisa, cha kukosa mlalamikaji, kukosa shahidi, na kielelezo kupita mikono mingi. Mlinzi hajui hivyo kwa sababu hajaambiwa.

Halafu kuna dhamana, na hapa naomba mkuu wa kituo (OCS) anisaidie nikikosea. Wizi wa mtungi ni kosa lenye dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimruhusu mkuu wa kituo kumweka mtu mahabusu wiki nzima kwa sababu mtaa umekasirika. Anatakiwa amfikishe mahakamani ndani ya saa 24 au amfikirie dhamana. Makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, yametajwa na sheria, na mtungi haumo. Kijana akielezwa hivi na askari mwenye cheo, mbele ya mwenyekiti wake, ataelewa hata kama hatafurahi. Asipoelezwa atajijibu mwenyewe, na safari ijayo hatampeleka mtu kituoni. Ataita wenzake, na mtu mwingine ataleta tairi.

Walinzi nao wasikilize. Sheria hiyohiyo inampa raia uwezo wa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, ila inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kuingia nyumba za watu kupekua, wala ya kumtoza mama ntilie anayedamkia sokoni alfajiri elfu tano za "usumbufu". Hizo faini za gizani zimechafua vikundi vilivyoanza vizuri. Askari wana malalamiko yao mengine, ya haki. Mtuhumiwa analetwa mkono umevunjika, fomu ya matibabu (PF3) inaandikwa kabla hata taarifa ya kituoni (RB) haijafunguliwa, na kituo kinabaki na kesi mbili badala ya moja, ya pili ikimhusu mlinzi mwenyewe.

Kwa hiyo napendekeza kikao cha kila mwezi, mtaa kwa mtaa, na ajenda yake ya kwanza iwe mrejesho. Mkaguzi wa Polisi wa Kata aje na orodha ya RB za mtaa ule, aseme kila moja imefika wapi: hii iko kwenye upelelezi, hii iko mahakamani na shahidi anatakiwa tarehe fulani, ile imefutwa kwa sababu mwenye mali hakutokea. Dakika ishirini zinatosha, tukipunguza utambulisho wa meza kuu. Walinzi nao waje na daftari la doria lililoandikwa saa, mahali, aliyekamata na aliyeshika kielelezo, na huyo aliyeshika awe mmoja tangu uchochoroni mpaka kaunta. Ila taarifa za siri, za nani anauza unga au nani ananunua mali za wizi, zisiguswe kwenye kikao. Zimfikie Mkaguzi peke yake. Mtu aliyetoa jina asubuhi na kutishiwa jioni hatatoa jingine, na atawaonya wenzake.

Michango sitaizungumzia sana. Ikiandikwa, ikakatiwa risiti na ikasomwa hadharani, watu watatoa. Linalonisumbua zaidi ni kijana akikatwa panga kwenye doria. Nani anabeba bili ya hospitali? Kwa sasa ni mama yake, na mchango wa dharura unaopitishwa nyumba kwa nyumba. Wenyeviti walipeleke hili kwenye kamati ya maendeleo ya kata litafutiwe fungu, kabla hatujasajili kijana mwingine.

La mwisho ni saa ya kikao. Mialiko mingi husema saa tatu asubuhi, na wanaofika ni wajumbe na wazee, kwa sababu walinzi wamelala au wako barabarani wanatafuta riziki. Kiwe Jumapili saa kumi jioni, na kifanyike ofisi ya serikali ya mtaa. Wapo vijana hodari wa doria ambao, kwa sababu zao, hawatavuka mlango wa kituo cha polisi kwa hiari.