Bima Ikihama, Nani Amwambie Mwenye Nayo?

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa AMCOS, mawakala wa bima na wananchi wenzangu wa Karagwe na Kyerwa,

Nianze na bahasha. Mama mmoja wa Nkwenda alinionesha bahasha ya kaki anayoitunza sandukuni pamoja na stakabadhi zake za kahawa. Ndani mlikuwa na hati ya bima ya maisha ya marehemu mumewe. Kampuni iliyotajwa kwenye hati ile haipo tena. Biashara yake ilikwisha kuchukuliwa na nyingine. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hawa wapya wananijua?"

Wanapaswa kumjua. Biashara ya bima ikihamishwa, anayeipokea hubeba mikataba pamoja na madai yake, na hapa kwetu hilo halifanyiki bila idhini ya Kamishna wa Bima, mkuu wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. (Wanahisa wakibadilika, au jina likibadilika, hilo ni jambo jingine: kampuni ni ile ile.)

Wazee wetu hawakusumbuka hivi. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa NIC, shirika la bima la taifa, na ukiritimba huo ulidumu hadi sheria ya 1996 ilipofungulia milango kampuni binafsi. Aliyekata bima miaka ya 1970 alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Mwanawe leo anakata bima benki, au kwa wakala wa stika za bodaboda pale Omurushaka, na jina la kampuni hata halikumbuki.

Taarifa ya uhamisho itamfikiaje huyu? Tangazo la gazetini halifiki Murongo. Barua hutumwa kwenye sanduku la posta la shule au la parokia, ikakaa huko mpaka mtu apite. Imebaki simu, na hapo ndipo penye uoza. Wakala akiwa na haraka hujaza namba yake mwenyewe mahali pa namba ya mteja. Ujumbe wa kampuni unatumwa, mfumo unaandika "umepokelewa", na aliyeupokea ni wakala. Huenda alishaacha kazi. Kwenye makaratasi mteja amearifiwa. Nyumbani kwake hajui lolote, na ada yake ya msimu wa kahawa anaipeleka kulekule kwa zamani.

Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2000, uhamisho hupita Mahakama Kuu. Mtaalamu huru huandika ripoti, na wenye bima huarifiwa mapema ili asiyeridhika aseme. Mahakama si lazima tuige. Neno "mapema" ndilo la kuchukua, kwa sababu taarifa inayokuja baada ya uhamisho ni tanzia.

Mimi ningetaka taarifa isomwe kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, itangazwe na redio za hapa Karagwe kwa Kiswahili na Kinyambo, ibandikwe ofisi ya kijiji. Iseme wazi: hati ya zamani bado ni halali, ada inalipwa wapi kuanzia tarehe gani, dai lililokwisha kufunguliwa linashughulikiwa na nani, na asiyekubali apeleke wapi pingamizi lake na kabla ya siku ipi.

Mawakala mliomo humu, fungueni daftari zenu leo kabla ya chakula cha mchana. Kila palipo na namba yako badala ya ya mteja, mpigie.