Kutoka Meru Hadi Minnesota: Nguvu ya Saini Zetu

Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya miaka 62 ya Uhuru, Minneapolis, Desemba 9, 2023

Watoto mmeahidiwa kwamba hotuba ni fupi na keki ipo. Nitajitahidi.

Nesi akipewa kipaza sauti, watu hujiandaa kusikia habari za presha na sukari. Presha nitawapima pale mezani baada ya chakula, na naomba msinikimbie. Ila kwa dakika hizi chache nimeiomba kamati niwazungumzie jambo jingine: petisheni, yaani barua ya madai inayotiwa saini na watu wengi na kupelekwa kwa mwenye mamlaka. Nimelichagua kwa sababu tunasherehekea siku ambayo, kwa sehemu kubwa, ililetwa na barua za namna hiyo.

Tukumbushane kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliacha mlango mmoja wazi: watu wa nchi zilizo chini ya udhamini waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja New York. Mlango huo wengine wangeuona ni wa mapambo tu. Wameru waliugonga.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kwenye nchi iliyo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro, ili kupisha mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wale hawakuwa na bunge la kuwasikiliza. Walichanga fedha zao wenyewe, wakaandika malalamiko yao, wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, aende Umoja wa Mataifa pamoja na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 sauti ya wakulima wa Meru ikasikika New York.

Matokeo yake? Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono. Lakini azimio lilipofika kwenye Baraza Kuu lenyewe, halikupata theluthi mbili ya kura. Kwa hesabu ya siku ile, Wameru walishindwa. Ila Kirilo aliporudi nyumbani hakujifungia ndani. Alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akiwaeleza watu alichokiona: kwamba Mwafrika wa kijijini anaweza kusimama mbele ya dunia na kumshitaki mtawala, na mtawala akalazimika kujibu. Watu waliomsikiliza waliondoka na wazo jipya vichwani mwao.

Mwaka 1954 TANU ikazaliwa, Julai 7. Mwaka huohuo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitembelea Tanganyika, na ripoti yake ikasema nchi ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Uingereza ilipinga hata muda huo. Machi 7, 1955, Mwalimu Nyerere, wakati huo akiwa mwalimu wa shule kule Pugu, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini New York kulieleza dai la wananchi. Na wakati Mwalimu akizungumza na dunia, nyumbani kulikuwa na watu kama Bibi Titi Mohamed, waliopita nyumba kwa nyumba na kuwaingiza maelfu ya wanawake kwenye chama. Hivyo waliokuwa wakisikiliza kule New York walijua kwamba nyuma ya yule mwalimu mwembamba kuna umma. Haikuchukua miaka 25 wala 20. Kutoka hotuba ile hadi Desemba 9, 1961 ni miaka isiyofika saba.

Ndugu zangu, nimeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu tukiwa huku tumezoea kuilalamikia dunia mahali ambapo haisikii. Tunalalamika kwenye maegesho ya magari baada ya ibada. Tunalalamika kwenye kundi la WhatsApp hadi saa nane za usiku. Katika kazi ya uuguzi tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Unaweza kumhudumia mgonjwa usiku kucha, lakini kama hukuandika, asubuhi hakuna anayejua. Malalamiko nayo ni hivyohivyo. Yasipoandikwa, yakapewa anwani na majina, ni kama hayajatolewa.

Tuangalie hapa tunapoishi. Wote tunaukumbuka Mei 2020. George Floyd aliuawa kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago, mahali ambapo baadhi yetu hupita tukienda kazini. Petisheni ya mtandaoni ya kudai haki yake, iliyoanzishwa na kijana wa miaka 15, ilipata saini zaidi ya milioni 19. Ni idadi kubwa ajabu. Lakini tukumbuke pia binti wa miaka 17 aliyesimama pale kando ya barabara na kurekodi kwa simu yake. Aprili 20, 2021, baraza la wazee wa mahakama lilipomtia hatiani yule polisi, lilikuwa limeona ushahidi ule na kuwasikiliza mashahidi. Saini ziliizuia dunia isigeuze uso. Ushahidi ndio uliofanya kazi ndani ya mahakama. Kimoja bila kingine kingepungukiwa.

Mfano wa pili hauna kelele nyingi. Mkipanda treni ya Green Line kwenye barabara ya University, Saint Paul, mtapita vituo vitatu: Western, Victoria na Hamline. Kwenye mpango wa mwanzo, vituo hivyo havikuwemo. Treni ingepita mbele ya milango ya watu wa kipato cha chini, wengi wao Wamarekani weusi na wahamiaji, bila kusimama. Ni eneo lililo jirani na mtaa wa Rondo, ambao ulikatwa katikati na ujenzi wa barabara kuu ya I-94. Watu wale walijua kupitwa kunafananaje. Wakaungana, wakaandika, wakatoa ushahidi kwenye mikutano. Waliambiwa kanuni ya serikali kuu ya kupima gharama hairuhusu. Hawakuishia hapo, walikwenda kuihoji kanuni yenyewe. Januari 2010 serikali kuu ilibadilisha utaratibu wake, na vituo vyote vitatu vikajengwa. Treni ilianza kazi Juni 14, 2014. Leo kuna wauguzi wa jumuiya hii wanaoshuka Victoria na Hamline wakitoka zamu ya usiku, wala hawajui kuwa kituo kile kilidaiwa.

Na mfano wa tatu ni wa mwaka 2023. Tangu 2003, kanuni ya Minnesota ilimnyima leseni ya udereva mtu asiyeweza kuthibitisha ukaazi wa kisheria. Miaka 20 watu walirudi bungeni Saint Paul, mwaka baada ya mwaka, na kurudishwa mikono mitupu. Machi 7, 2023, gavana alitia saini sheria mpya, ikaanza kutumika Oktoba 1. Miaka 20! Aliyeanza kudai akiwa kijana sasa ana wajukuu.

Msifikiri mambo haya ni ya bungeni na Umoja wa Mataifa tu. Nilipokuwa nasomea shahada yangu hapa, nilifanya kazi kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba moja ya wazee, ambayo jina lake halina umuhimu. Usiku tulikuwa wasaidizi wawili kwa wazee 40. Mzee anabonyeza kengele apelekwe msalani, wewe uko chumba cha mwisho unamgeuza mwingine. Tuliandika barua, na watu 19 kati ya 22 wa zamu za usiku wakatia saini. Jibu lilikuja: bajeti hairuhusu. Basi tukanunua daftari. Kwa wiki nne tuliandika saa kengele ilipolia na saa mtu alipofika, bila jina la mgonjwa hata mmoja, kwa sababu siri ya mgonjwa ni siri. Barua ya pili ilikwenda na hesabu ile. Tukaongezewa msaidizi wa tatu kwa siku tano za wiki. Jumamosi na Jumapili zilibaki vilevile hadi nilipoondoka. Sikuja kuwadanganya kwamba tulishinda yote. Lakini wapo wazee waliofika msalani kwa wakati, na kwa mtu wa miaka 88 hiyo ndiyo heshima yake.

Watatu ambao hawakutia saini tulikuwa tunawaelewa. Waliogopa. Wengi wetu tuna hofu hiyo, hasa wenye vibali vya muda na watu wanaowategemea nyumbani. Kwa hiyo naomba niseme mambo machache ya msingi, na mwenye kesi ya uhamiaji amuulize wakili wake kabla ya kutia saini chochote.

Kwanza, Katiba ya Marekani inalinda haki ya watu kuiomba serikali irekebishe kero zao, na hilo halikuandikwa kwa ajili ya raia peke yao. Pili, sheria ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapoungana kudai mazingira bora ya kazi, hata pasipo na chama cha wafanyakazi. Wasimamizi hawamo katika ulinzi huo, kwa hiyo mjue cheo chenu kinasomekaje. Tatu, na hili mlishike sana: kuna petisheni za kupeleka swali kwenye kura, na hizo ni za wapiga kura walioandikishwa tu. Kama hujawa raia, usitie saini pale. Kujitangaza raia wakati si raia kunaweza kukuharibia safari yako yote ya uhamiaji. Mtu akikufuata na karatasi nje ya duka, uliza kwanza: hii ni ya wakazi wote au ya wapiga kura?

Petisheni za kura zina nguvu kubwa. Mwaka 2021 ndizo zilizopeleka kwa wapiga kura wa Saint Paul suala la kuweka ukomo wa asilimia 3 kwa mwaka kwenye ongezeko la kodi ya nyumba, na likapita. Lakini Septemba 2022 baraza la jiji lililegeza sheria ile na kuyaondoa majengo mapya kwa miaka 20. Mwaka huohuo wa 2021, Minneapolis, saini zaidi ya 20,000 zilipeleka kwenye kura pendekezo la kubadili mfumo wa polisi, na wapiga kura wakalikataa. Sisemi nani alikuwa sahihi. Hapa kuna wapangaji na wenye nyumba, na wote mmelipa kiingilio. Ninachosema ni kwamba anayedhani saini ni mwisho wa safari atakuta wenzake wameendelea kutembea.

Sasa nije nyumbani. Kuna jambo linalotuuma wengi humu ndani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa hapa, kwa sababu ya kazi au ya watoto, hadi mwaka 2023, siku alipokwenda kumzika mama yake alikuwa akisimama kwenye foleni ya wageni, na viza mkononi. Najua wapo kati yetu wasioutaka uraia pacha, na wana sababu zao. Wapo wanaoona hadhi maalum kwa walio ughaibuni inatosha. Tubishane kwa heshima. Lakini Katiba ya Tanzania inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na taifa lake, na wengi humu bado tuna pasipoti ya Tanzania. Tuitumie haki hiyo kabla hatujaipoteza.

Pendekezo langu ni hili. Jumuiya iunde kamati ndogo ya watu watano. Iandike barua moja, ya dai moja, ambalo mtu anaweza kulisema bila kuvuta pumzi mara mbili. Barua iwe na anwani ya mwenye uwezo wa kuamua: waziri mwenye dhamana na Bunge, nakala kwa balozi wetu Washington. Kila familia inayotaka iambatanishe ukurasa mmoja wa ushahidi wake: nani alizuiwa nini, lini, na ilimgharimu nini. Na tuandike leo, kabla hata ya kutuma, jina la mtu atakayefuatilia baada ya siku 90, na la mwingine atakayepokea kazi huyo akichoka. Hapo ndipo barua nyingi hufia. Hazikataliwi, zinakosa mtu wa kuziulizia.

Kalamu ziko pale mezani, karibu na mashine ya presha. Atakayekuja kupimwa ataulizwa maswali mawili.

Heri ya Uhuru kwenu nyote. Uhuru na Umoja.