Muhogo Haushindwi Shambani



Katika Bukima, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Majita, ugali wa muhogo kwa samaki wa ziwa ni chakula cha heshima. Hata hivyo, kila asubuhi mkate na maandazi ya ngano hupata wanunuzi hata vijijini. Na ngano hiyo, kwa sehemu kubwa, hutoka ng'ambo, kwani Tanzania haivuni ya kutosha mahitaji yake. Inakuwaje basi muhogo wa shamba la jirani ushindwe na nafaka iliyovuka bahari?

Haushindwi shambani. Mmea huu huvumilia ukame na udongo hafifu. Adui zake wakubwa ni batobato na michirizi ya kahawia, na mkulima apatapo mbegu safi huweza kupambana nao. Muhogo hushindwa baada ya kung'olewa. Takriban theluthi mbili za uzito wake ni maji, nao huanza kuharibika katika siku mbili tatu, ilhali ngano hukaa ghalani miezi mingi. Asiye na mashine ya kukwangulia wala kichanja cha kuanikia hupokea bei yoyote atakayotajiwa na mchuuzi.

Wako wadhanio kwamba yatosha kuharakisha kazi. Haraka ina hatari yake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime, katika mkoa huu huu wa Mara, iliingiliwa na konzo, ugonjwa upoozao miguu ghafula, na aliyepatwa hubaki na kilema. Waliouchunguza waliona kwamba watu walikuwa wamekula muhogo mchungu usioondolewa sumu sawasawa, maana njaa ilikuwa imefupisha siku za kuuandaa. (Desturi ya kuuvundika hata ukawa udaga, ambayo baadhi ya vijana huiona ya kishamba, ilikuwa kinga.) Mashine ya kukwangulia husaidia pande zote mbili: huupondaponda muhogo, na sumu hutoka upesi zaidi unapokamuliwa na kuanikwa vema.

Amri peke yake haifui dafu. Nchini Nigeria, wakati wa Rais Obasanjo, iliagizwa unga wa ngano uchanganywe na asilimia 10 ya muhogo. Agizo lilizorota, kwa kuwa viwanda havikupata unga safi wa kutosha, ulio sawa gunia kwa gunia. Mwokaji wa Musoma naye atauliza swali hilo hilo la gunia la pili, na jibu lake litatoka kwenye vichanja vya Bukima.