Klorini Tusiitupe, Tuipime

Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook, akichunguza maji ya bomba mjini Rotterdam, Uholanzi, alieleza jambo lililowashtua wengi: klorini inayoua vijidudu hukutana na mabaki ya majani na mimea yaliyomo mtoni, zikazaliwa kemikali mpya, klorofomu ikiwamo. Miaka 5 baadaye Marekani iliwekea kundi hilo, trihalomethani, kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita. Leo ni 80. Tafiti zimehusisha kuzinywa kwa miaka mingi na saratani ya kibofu cha mkojo.

Je, tuitupe klorini? Hasha! Kipindupindu huweza kuua mtu kwa saa chache, na ndugu zetu wengi tumewazika kwa sababu yake. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba kazi ya kuua vijidudu isilegezwe kwa kuhofia kemikali hizi.

Ufumbuzi uko kwenye mpangilio wa kazi: uchafu utuamishwe na kuchujwa kwanza, klorini ifuate. Maji ya masika, yaliyosheheni takataka za mimea, yakiongezewa klorini bila kuchujwa vyema, ndipo kemikali hizi huongezeka. Mamlaka za maji, zipimeni, kisha mtutangazie vipimo.