Mwili Hauhesabu Glasi



Mtaalamu wa fiziolojia hakosi kuulizwa swali hili, iwe kwenye daladala au msibani: ni kweli tunatakiwa kunywa glasi nane za maji kwa siku? Akishajibu, hufuata jingine: na chai je, inahesabika? Nitayajibu yote mawili. Ila naomba mnivumilie nikiyapita, kwa sababu naona yanatuziba macho tusimwone mtu anayekaa na kiu kutwa nzima huku akijua vizuri kabisa kwamba anahitaji maji.

Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mtu mzima anahitaji takribani lita mbili na nusu za maji kwa siku, yaani mililita moja kwa kila kalori ya chakula. Mwongozo huohuo ukaongeza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula kilichopikwa. Yaelekea watu waliibeba sentensi ya kwanza na ya pili wakaiacha njiani. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa chuo cha udaktari cha Dartmouth, alipekua maandiko ya kitabibu akitafuta utafiti unaothibitisha kwamba mtu mwenye afya njema, asiyefanya kazi nzito na asiyeishi kwenye joto kali, ni lazima anywe glasi nane. Hakuupata.

Sasa tumtazame fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Asubuhi anakunywa kikombe kikubwa cha uji, mililita 300, na kama 270 kati ya hizo ni maji. Saa nne anapata chai ya rangi, robo lita. Mchana mama lishe anampakulia wali wa gramu 300, na karibu gramu 200 za wali huo ni maji, maana mchele uliiva kwa kuyanywa. Maharage yaliyopikwa, theluthi mbili ni maji. Akila gramu 150 amepata mililita 100. Akimalizia na embe lenye nyama ya gramu 200, ameongeza mililita 160 na ushee. Fundi huyu hajagusa chupa ya maji hata mara moja, na tayari amekwishapata karibu lita moja. Mwenzake aliyeshinda na mkate mkavu na karanga za kukaanga yuko mbali naye sana: mkate ni maji kwa kiasi cha theluthi moja hivi, na karanga karibu hazina kitu. Huyo wa pili ndiye anayehitaji kunywa zaidi, ingawa ushauri wa glasi nane unawaambia wote wawili jambo lilelile.

Yapo pia maji ambayo hatuyanywi wala kuyala. Mwili unapochoma wanga na mafuta, hidrojeni iliyomo ndani yake hukutana na oksijeni tunayovuta na maji mapya hutengenezwa, kiasi cha robo lita au zaidi kidogo kwa siku. Ni kidogo, lakini yanaingia kwenye hesabu.

Chai inahesabika, na kahawa pia. Wazee wa pwani wanaokaa barazani jioni na kahawa chungu wasiogopeshwe kwamba inawakausha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichukua wanaume 50 waliozoea kahawa, wakawanywesha vikombe vinne kwa siku kwa siku tatu, na kwa siku nyingine tatu wakawapa maji kwa kiasi hichohicho. Vipimo vya maji mwilini havikutofautiana. Kafeini huongeza mkojo kidogo, hasa kwa asiyeizoea, lakini maji yaliyoibeba ni mengi kuliko yanayopotea. Maziwa yamewahi kuonekana kukaa mwilini muda mrefu kuliko maji matupu, kwa kuwa yana chumvi, sukari ya asili, mafuta na protini. Madafu ni maji kwa takribani asilimia 95. Soda nayo ni maji. Ubaya wake uko kwenye sukari, inayozidi gramu 30 katika chupa ya mililita 300 ya soda nyingi, na kwa hilo sina neno la kuitetea.

Mwili haubagui vinywaji hivi kwa sababu haupimi kilichoingia mdomoni. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi hupima ukolezo wa chumvi katika damu, saa zote, hata tukiwa usingizini. Ukolezo ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, mambo mawili hutokea: tunasikia kiu, na homoni ya vasopresini hupelekwa kwenye figo na agizo la kubana matumizi. Figo zetu huchuja takribani lita 180 za majimaji kila siku na kuyarudisha karibu yote kwenye damu, zikiacha lita moja au mbili ziende na mkojo. Homoni ile ikiwa nyingi, mkojo unaweza kushuka hadi nusu lita, ukawa wa manjano iliyokolea. Ndiyo maana rangi ya mkojo wa mchana ni kipimo kizuri ambacho hakimgharimu mtu hata senti.

Kwa nini basi bado kuna namba? Mwaka 2004 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitaja lita 3.7 kwa wanaume na 2.7 kwa wanawake, na mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikataja 2.5 na 2.0. Zote ni jumla ya maji kutoka vinywaji na chakula, na kupishana kwake tu kunaonyesha kwamba hakuna kiwango kimoja kilichoandikwa ndani ya mwili. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi iliyopima mzunguko wa maji katika miili ya watu 5,604 wa nchi 23, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 96. Tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa ajabu. Joto, unyevu wa hewa, kazi ya nguvu na ujauzito viliongeza mzunguko huo. Na hapa naomba wenzangu wa uchumi watege sikio: watu wa nchi zenye kipato na huduma duni walitumia maji mengi zaidi miilini kuliko wa nchi tajiri. Anayebeba mizigo juani bila feni wala kiyoyozi anayahitaji zaidi kuliko anayeketi ofisini, na mara nyingi ndiye ambaye bomba liko mbali naye.

Kiu ni mlinzi mwaminifu, ila ana mapungufu yake. Kwa wazee hudhoofika, kwa hiyo babu akisema hana kiu siku ya joto kali, mpe kikombe cha uji mwepesi au chai bila kumsubiri aombe. Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi, na maji matupu hayatoshi. ORS, yaani mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi, inafaa kwa sababu sukari na sodiamu huingia pamoja katika ukuta wa utumbo na kuvuta maji nyuma yake. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, palipokuwa na kipindupindu, na vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya 4. Kwa mtoto mchanga jibu ni fupi na halina mjadala: maziwa ya mama, ambayo sehemu kubwa ni maji, yanamtosha kwa miezi sita hata kwenye joto la Machi. Bibi mwenye huruma asimpe maji.

Na maji yakizidi? Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488. Asilimia 13 yao walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango, na kunywa kupita kiasi njiani kulikuwa sababu kubwa. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyewekewa kikomo na daktari wake naye asisikilize kauli ya kila mtu anywe zaidi.

Nimefika kwa yule mwenye kiu niliyemtaja mwanzo. Ni mama anayeuza nyanya sokoni tangu alfajiri. Ni kondakta, ni mwalimu wa shule yenye matundu machache ya vyoo, ni msichana aliye katika hedhi. Wanapunguza kunywa kwa makusudi, kwa kuwa choo kiko mbali, kinalipiwa, ni kichafu, au ukienda huna wa kukulindia bidhaa. Matokeo yake tunayaona zahanati: maumivu ya kichwa, UTI za mara kwa mara, mawe kwenye figo. Kumwambia mama huyo kuhusu glasi nane ni kumwongezea lawama juu ya kiu. Anajua. Ameshafanya hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo choo ni ghali kuliko maji.

Kwa hiyo wanafunzi wangu watakapokwenda masokoni kwa mafunzo ya vitendo muhula ujao, dodoso lao halitaanza na idadi ya glasi. Litaanza kwa kuuliza choo kiko hatua ngapi kutoka kwenye meza ya biashara, kinalipiwa shilingi ngapi, kinafunguliwa saa ngapi, na kama mlango wake unafungika kwa ndani.