Mzigo wa Mwalimu Mkuu

Leo tunazungumzia msongo wa mawazo kwa wale wanaosimamia wenzao kazini. Mfano wetu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Huenda ni mumeo, mwanao, au ni wewe mwenyewe.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa yalijaa. Mwaka wa 2023 sekondari msingi ikaanzishwa katika shule hizo hizo. Mwalimu mkuu huulizwa na wazazi, bodi na wizara. Lakini si yeye anayeamua fedha za serikali zitafika lini, wala TSC itamletea walimu wangapi.

Mwaka wa 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kwamba kazi inayochosha akili zaidi ni ile yenye madai mengi huku mfanyakazi akiwa na uwezo mdogo wa kuamua.

Hulka nayo huchangia. Mtu mwenye wasiwasi, au anayetaka kufanya kila kitu kwa mkono wake, huelemewa mapema kuliko anayemgawia naibu wake kazi. Hata hivyo, tusiseme tu, "Ndivyo alivyo." Hata mpole huchoka mzigo ukizidi.

Dalili ni hizi: kukosa usingizi, kuumwa na kichwa mara kwa mara, kuwakasirikia watoto ovyo, kuzidisha pombe, na kuichukia kazi aliyoipenda. Huo si uvivu.

Mama, ufanye nini? Akifika nyumbani, mwache apumzike kidogo kabla ya kumweleza shida za boma. Kisha muulize: "Lipi liko mikononi mwako, na lipi si lako?" Lililo lake, amgawie naibu sehemu. Lisilo lake, alifikishe kwa bodi mapema. Aende zahanati apimwe presha, kwa maana presha mara nyingi haina dalili. Akisema hataki kuishi tena, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Na kama mwalimu mkuu ni wewe, mama, usitoke ofisini ukaanze zamu ya pili jikoni peke yako. Baba asaidie, na wavulana nao wateke maji.